“Mama, Leo Umekula?” Farmasi za Himbi na Wagonjwa wa Sukari

Saa moja asubuhi ukungu wa Ziwa Kivu bado umelala juu ya mabati ya Himbi, mtaa wa Goma. Kwenye barabara kubwa iendayo Sake motari wanagombea abiria, chukudu zimeshaanza kupita na magunia ya viazi, na milango ya chuma ya maduka inafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Farmasi nazo zinafungua. Msalaba wa kijani uko kila baada ya nyumba chache, na hata saa hii kuna watu wanaosubiri nje.

Mama wa makamo anasogea kwenye kaunta. Hana ordonansi ya daktari. Ameshika kipande cha plaketi kilichokatwa kwa makasi. Ndani kimebaki kidonge kimoja, na jina la dawa limekatwa katikati.

“Dokta, unipatie kama hivi, ya hii pesa,” anasema, na kuweka noti juu ya kioo.

Jambo rahisi lingekuwa kuchukua makasi, kukata kipande kingine na kupokea noti. Dada aliyevaa koti jeupe anakigeuza kile kipande kwenye mwanga, anaitambua glibenklamidi ya miligramu 5, kisha anauliza: “Mama, leo umekula?”

Mauzo ya namna hii hufanyika kila asubuhi katika mtaa huu, na mara nyingi swali lile haliulizwi. Nimeandika makala haya kwa ajili ya swali hilo.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma hata tumbo likiwa tupu. Aliyemeza kidonge akala, sukari yake hushuka kwa kiasi. Aliyemeza kisha akaenda sokoni na chai ya rangi pekee, ikifika saa nne huanza kutetemeka, jasho la baridi linamtoka, moyo unamwenda mbio na maneno yanamchanganyikia mdomoni. Walio karibu huweza kudhani amelewa, au amepandwa na pepo. Sukari ikizidi kushuka anazimia, na wapo wasioamka tena. Kipimo kikisoma chini ya miligramu 70 kwa desilita, mgonjwa anahitaji sukari papo hapo: vijiko vitatu vidogo vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ndogo ya Fanta, kisha apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha kweli. Akiwa amezimia, asimiminiwe chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mbio, na wahudumu waambiwe kwamba anatumia dawa ya sukari.

Metformini, dawa nyingine inayouzwa sana kwa ugonjwa huu, haina tabia hiyo ikitumiwa peke yake. Yenyewe husumbua tumbo, hasa wiki za mwanzo, ndiyo maana humezwa pamoja na chakula. Dawa hizi mbili hukaa rafu moja, zote ni vidonge, nyingi ni nyeupe, na boksi nyingi zinazofika Goma kutoka upande wa Uganda na Kenya zimeandikwa Kiingereza katika mji ambao watu wake husoma Kifaransa na Kiswahili. Mama mwenye kipande kilichokatwa hawezi kujua ameshika ipi. Mfamasia anaweza.

Hapa ndipo ninaposimama. Mgonjwa wa sukari humwona daktari mara moja katika miezi mitatu, akijaliwa. Farmasi humwona kila wiki, wakati mwingine kila baada ya siku mbili, kwa kuwa hununua dawa kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Hakuna mtu mwenye elimu ya dawa anayekutana naye mara nyingi kuliko yule wa kaunta. Tukimchukulia kama mwenye duka tu, tunapoteza nafasi nyingi za kuokoa miguu, macho, figo na uhai, tena nafasi ambazo hazihitaji jengo jipya wala msafara wa wafadhili.

Wiki ambayo swali lile lilipata jibu baya

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na waasi wa M23 kuuteka mji, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Watu walijifungia ndani wakila walichokuwa nacho. Maghala ya mashirika ya misaada yaliporwa. Uwanja wa ndege ulifungwa, mabenki yakafunga milango, na noti za franka zikawa adimu mikononi mwa watu. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu. Wengine walirudi vijijini, wengine walikuja kubanana kwa ndugu mjini.

Mtafakari mgonjwa wa sukari ndani ya wiki ile. Mwenye vidonge hana chakula cha kuvisindikiza. Mwenye insulini ana friji isiyo na umeme. Asiye na dawa hawezi kuvuka mtaa kwenda kuitafuta, na akivuka anakuta farmasi imefungwa. Vita hutangazwa kwa hesabu ya waliopigwa risasi. Aliyekufa chumbani mwake kwa sukari iliyoshuka au iliyopanda hahesabiwi popote, na ndugu zake huzika wakisema ni presha, ni mawazo, ni mapenzi ya Mungu.

Hii haikuwa mara ya kwanza Goma kuvurugwa. Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, mitaa mingi iliamriwa kuondoka, na barabara hii ya Himbi ikajaa watu waliotembea kuelekea Sake na magodoro vichwani. Wangapi walibeba dawa zao? Mji unaoishi chini ya volkano na kando ya vita ungepaswa kuwa na desturi hii: kila mgonjwa wa sukari awe na kifuko chenye dawa za wiki mbili, sukari ya vijiko vichache, na karatasi yenye majina ya dawa na dozi zake. Mtu wa kumfundisha kukiandaa, na kumkumbusha kubadilisha vilivyokaribia kuisha muda, ni yule yule wa kaunta.

Wapo watakaosema sukari ni ugonjwa wa matajiri, wa mapatroni wenye vitambi wanaokaa kwenye majumba ya ukingoni mwa ziwa. Himbi ina majumba hayo, ni kweli, na ndani yake wamo wagonjwa. Lakini nyuma ya kuta hizo za mawe meusi wanaishi pia walinzi, wafua nguo, walimu na wauza sambaza. Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha huduma ya sukari katika hospitali ya Mweso, huko Masisi, kati ya wakulima na wakimbizi, na tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2017 ilieleza jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtu achague chakula wakati hana cha kuchagua. Aprili 2025, kwenye mkutano wa dunia uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano ya ugonjwa huu, ile inayowapata watu waliokonda, waliokosa lishe tangu utotoni. Katika mkoa ambao vizazi vimekulia njaani na mbioni, habari hiyo inatuhusu.

Shirikisho hilohilo linakadiria watu wazima milioni 589 duniani wanaishi na kisukari. Barani Afrika zaidi ya nusu ya walio nacho hawajui. Ina maana kwamba kwa kila mgonjwa anayekuja farmasi kununua metformini, yuko angalau mwingine anayekuja kununua kitu kingine.

Mtu anayenunua pomada kwa mara ya tatu

Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, na mawe hayo hukata. Sote tunajua kutembea na ndala juu ya mawe hayo. Mwenye sukari ya muda mrefu hupoteza hisia za nyayo, hukatwa bila kusikia, na jeraha hufichwa na soksi mpaka linuke. Kabla ya kufika hospitali amekwisha pita farmasi: mara ya kwanza kununua bendeji, mara ya pili pomada, mara ya tatu antibiotiki. Mfamasia makini anayemkumbuka mteja huyu atamwomba avue kiatu, aangalie, kisha ampime sukari siku hiyohiyo. Nina hakika hapa ndipo miguu mingi ingeokolewa, kwenye ile pomada ya tatu.

Ishara nyingine hupita kaunta kila siku bila kujitangaza. Mwanamke anayerudi kila mwezi kutafuta dawa ya muwasho sehemu za siri. Mzee anayelalamika kwamba macho yana ukungu na anataka matone. Kijana aliyekonda ghafla anayeomba vitamini. Mtu anayesema haja ndogo inamwamsha mara nne usiku, na kiu haimwishi hata akinywa bidoni nzima. Hakuna kati yao aliyekuja kuuliza habari za sukari. Tone moja la damu na bandeleti moja ya kupimia vingetoa jibu la awali. Asubuhi kabla ya kula, miligramu 126 kwa desilita au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyohivyo, ni kisukari. Wakati wowote wa siku, 200 au zaidi pamoja na dalili hizo, usingoje: nenda kwa daktari.

Bandeleti zenyewe zinataka uangalifu ambao wengi hawajaelezwa. Za mashine moja hazifai mashine nyingine. Kopo likiachwa wazi, unyevunyevu huziharibu na namba zinadanganya. Kidole kioshwe kwanza. Aliyemenya embe akapimwa bila kunawa ataambiwa ana sukari ambayo hana. Na kile kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja, mara moja, kisha kitupwe kwenye chombo kigumu. Goma imepita Ebola mwaka 2019 na mpox mwaka 2024, tumenawa mikono kwa klorini kwenye kila mlango. Haieleweki kwamba bado kuna nyumba ambamo baba, mama na mkwe wanatobolewa kwa kisindano kimoja kwa sababu “sisi ni familia”.

Kuna jambo ambalo mfamasia analijua kuliko mtu yeyote: dawa zinavyogombana. Malaria haimwachi mtu kwa sababu ana sukari. Kinini hushusha sukari, na ikikutana na glibenklamidi ndani ya mwili mmoja, tena mwili uliokosa hamu ya kula kwa homa, hatari huwa kubwa. Kotrimoksazoli, ile tunayoiita Bactrim na kuinunua kwa kila kikohozi, huongeza nguvu ya glibenklamidi. Mgonjwa hatakwambia kwamba anatumia dawa ya sukari ukimuuzia Bactrim, maana haoni uhusiano. Ni kazi ya muuzaji kuuliza.

Upande wa pili iko deksametazoni, ambayo katika miji mingi ya Kongo wasichana huimeza ili wanenepe na kupata maumbo. Hupandisha sukari, huchosha mifupa, na mwili ukishaizoea kuiacha ghafla ni hatari nyingine. Yule anayeiuza bila ordonansi kwa binti wa miaka 19 anatengeneza mgonjwa wa kesho. Hapo wajibu wa mfamasia ni kukataa, hata kama farmasi jirani itauza. Najua ni rahisi kwangu kuandika hivi na kodi ya nyumba hailipwi kwa kukataa wateja. Lakini koti jeupe lina maana yake.

Kipindupindu nacho ni mwenyeji wa mji huu tangu kabla ya janga la 1994, kwani wengi wetu bado tunachota maji ziwani. Mtu anayetumia metformini akiharisha na kutapika sana, akakauka maji mwilini, anatakiwa kuisimamisha na kwenda kituo cha afya haraka, kwa ajili ya figo zake. Anayeishi kwa insulini, hasa mtoto, asiiache kabisa hata akiwa hali. Atafute ushauri saa ileile. Maagizo haya mawili yanapingana, na ndiyo sababu hayafai kuachiwa jirani au kikundi cha WhatsApp.

Halafu kuna kufunga. Makanisa yetu hufungua mwaka kwa siku tatu, saba, hata 21 za maombi bila kula mchana, na ndugu zetu Waislamu wana Ramadhani. Sijaona mgonjwa wa sukari anayependa kumwambia mchungaji wake kwamba hawezi. Humwambia mfamasia kwa urahisi zaidi, kwa sauti ya chini, na mfamasia anaweza kumwelekeza kwa daktari apangiwe dozi upya kabla ya siku ya kwanza, badala ya kuokotwa kanisani siku ya pili.

Baridi yetu ni neema

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921 na Frederick Banting na wenzake. Januari 1922 ikamwokoa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa. Wagunduzi waliuza hati yao ya ugunduzi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, wakitaka imfikie kila mtu. Siku ya kuzaliwa kwa Banting, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Zaidi ya miaka mia imepita, na mtoto wa Goma bado anaweza kuikosa.

Shida ya kwanza inayotajwa ni friji. Chupa ambayo haijafunguliwa yapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu haukai. Wapo walioacha kununua insulini kwa kuamini kwamba bila friji ni sumu, na wapo walioiweka kwenye sehemu ya barafu ikaganda, wakaendelea kuichoma. Iliyoganda imekufa, itupwe.

Habari njema ni kwamba chupa iliyokwisha funguliwa huvumilia hali ya kawaida ya chumba kwa muda wa wiki nne hivi, ilimradi isipate joto kali wala jua. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, ambako nyuzi hupanda na kushuka kati ya 25 na 37 kutwa. Kwa wiki nne insulini ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye ubaridi. Kama huko Dadaab imestahimili, itashindwaje Himbi, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako jioni tunavaa sweta? Weka chupa kwenye chungu chenye unyevu au kwenye kona yenye kivuli, mbali na jiko la makaa, andika juu yake tarehe uliyoifungua. Baridi ya mji huu, ambayo wageni huilalamikia, ni neema kwa mwenye insulini. Mfamasia akimweleza mama hivyo kwa dakika tano, kizuizi kikubwa kinaondoka kichwani mwake.

Amweleze pia habari za sirinji. Insulini nyingi sasa ni za uniti 100 kwa mililita, lakini zipo sirinji zilizochorwa kwa uniti 40, na anayechanganya hizo mbili anajichoma dozi ambayo daktari hakuiandika. Ile ya maziwamaziwa iviringishwe taratibu kati ya viganja mpaka ilingane, isitikiswe kama soda. Sindano ihamishwe mahali kila siku, maana pakichomwa palepale nyama huwa ngumu na dawa hainyonywi vizuri. Ni mambo madogo, nayo hayamo kwenye boksi kwa lugha anayoisoma.

Kuhusu watoto nitasema moja tu, lakini nalisema kwa uchungu. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hufika na homa, anatapika, anapumua kwa nguvu, amelegea. Kila mtu anafikiri malaria. Anawekewa serumu ya glukosi, yaani sukari juu ya sukari, na anakufa kabla mtu hajatoboa kidole. Nchi yetu imo kwenye mpango wa kimataifa unaowapa watoto insulini bure, lakini insulini ya bure haimsaidii mtoto ambaye hakupimwa. Mzazi akija farmasi na mtoto wa namna hiyo kutafuta serumu, na pumzi ya mtoto inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, usimuuzie serumu. Mpime, mpandishe kwenye pikipiki, piga simu hospitali.

Nani amesimama nyuma ya kaunta?

Nimetumia neno mfamasia mara nyingi, na msomaji wa Goma ameshajiuliza: yuko wapi? Sheria ya kazi ya farmasi nchini ina mizizi katika amri ya Wabelgiji ya mwaka 1933, na iko sheria ya msingi ya afya ya umma ya Desemba 2018. Kwenye karatasi, dawa ni kazi ya mtu aliyesomea. Mtaani, anayekuhudumia mara nyingi ni muuguzi wa diploma ya A2 au A1, au msaidizi wa farmasi aliyemaliza shule ya ufundi, au mpwa wa mwenye duka. Waliohitimu chuo kikuu, kutoka Kinshasa, Lubumbashi au Bukavu, hawatoshi, na wengi wao huajiriwa na mashirika au wauzaji wa jumla. Goma ina ASRAMES, kituo cha ununuzi wa dawa muhimu kinachohudumia vituo vya afya vya mkoa. Farmasi binafsi za mtaani, ambako wengi wetu tunanunua, huendelea na njia zao za mpakani.

Kuna wanaotaka farmasi zote zisizo na mfamasia zifungwe kesho. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Ukizifunga, mama wa plaketi ataenda kununua kwa mtu anayebeba dawa kwenye beseni. Tanzania ilikutana na tatizo hilihili. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ilianza kuwafundisha wauzaji wa maduka ya vijijini, ikawakagua na kuwapa vibali, na hivyo yakazaliwa Maduka ya Dawa Muhimu yaliyoenea nchini baadaye. Muuzaji alipata elimu, na duka likapata orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Kivu ya Kaskazini ingeweza kuanza na kitu kidogo kuliko hicho: siku tatu za mafunzo ya kisukari kwa kila anayesimama kaunta, na mfamasia mmoja aliyehitimu anayezungukia farmasi kumi kila mwezi.

Kwamba mfamasia huleta tofauti si dhana. Katika mji wa Asheville, Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, manispaa iliwalipa wafamasia wakae na wafanyakazi wake wenye kisukari, wawafundishe kupima, wawaangalie miguu, wazipitie dawa zao. Sukari ya wafanyakazi ilishuka, siku za kukosa kazi zilipungua, na gharama ya jumla ya matibabu yao ikapungua pia, ingawa dawa zilinunuliwa zaidi. Walichofanya kilihitaji kiti, daftari na mazungumzo. Sisi tunavyo vyote vitatu. Kilichokosekana ni mtu wa kumlipa mfamasia kwa mazungumzo, kwa sababu leo hulipwa kwa kidonge tu, na muda anaomsikiliza mgonjwa ni muda ambao foleni inahamia kwa jirani. Mashirika yanayolipa malaki ya dola kwa semina mahotelini ukingoni mwa ziwa yangeweza kulipia dakika hizo. Mituweli za afya zingeweza pia.

Mwenye farmasi wa Himbi asingoje hayo. Ukikata plaketi, kata kuanzia upande usio na jina na tarehe, ili kipande cha mwisho kibaki na utambulisho wake. Chukua kalamu, andika kwenye bahasha kwa Kiswahili: kidonge kimoja asubuhi, pamoja na chakula, usipokula, usinywe, uje uniulize. Weka daftari la wagonjwa wa sukari, na asiyeonekana kwa wiki mbili mpigie simu. Anayetaka kuacha dawa kwa sababu ya majani ya mganga wa kienyeji au maombezi usimtukane. Mwambie aendelee na dawa na apime kila wiki, namba zenyewe zitazungumza naye.

Kuhusu chakula, msimpe mtu orodha ya vitu visivyouzwa sokoni Birere. Bugali apunguze, asiuache. Nusu ya sahani iwe lengalenga au sombe isiyozama kwenye mawese. Maharage na sambaza vichukue nafasi ya bugali uliopunguzwa. Chai isiwe na sukari, na Fanta ibaki kuwa dawa ya siku sukari inaposhuka.

Yule mama wa asubuhi, akiulizwa kama amekula, huangalia chini. Karibu wote huangalia chini, na karibu wote husema ndiyo. Aibu ya njaa ni kubwa hapa, hasa kwa mtu aliyewahi kuwa na shamba lake Masisi au Rutshuru na leo anaishi sebuleni kwa shemeji. Mfamasia anayejua kazi yake hurudia swali kwa upole, kwa namna nyingine: “Umekula nini, mama, na saa ngapi?”

Jumatatu ukienda farmasi, beba boksi zako zote kwenye mfuko, hata za malaria, hata za majani. Omba upimwe sukari, na uombe waandike namba na tarehe. Na ukiulizwa kama umekula, mama yangu, baba yangu, sema ukweli, hata kama jibu ni hapana.